Nani anaingia kwenye wale 22? Ugumu wa kuchagua kikosi bora cha msimu katika mpira wa Kiaustralia

Usiku wa Jumatatu, tarehe 25 Septemba 2023, Lachie Neale wa Brisbane Lions alivishwa medali ya Brownlow, tuzo ya mchezaji bora wa AFL, ligi kuu ya mpira wa Kiaustralia. Alikuwa na kura 31. Marcus Bontempelli wa Western Bulldogs alipata 29, na kijana Nick Daicos wa Collingwood 28. Mimi na mpwa wangu tulikuwa sebuleni, hapa Melbourne, chai imeshapoa mezani. Mimi ni mtu wa Bulldogs, kwa hiyo nilikuwa nimenuna. Mpwa wangu ana miaka 15 na hana timu. Anaupenda mchezo wenyewe. Alimtazama Neale akipanda jukwaani, kisha akaniuliza: "Mjomba, si huyu ndiye hayumo kwenye kikosi bora?"

Ndiye. Mwishoni mwa Agosti, wiki chache kabla ya usiku ule, ligi ilikuwa imetangaza kikosi bora cha msimu, kinachoitwa All-Australian, chenye wachezaji 22. Neale hakuwamo. Sasa nchi nzima inamvisha medali ya mchezaji bora kuliko wote, na wakati huohuo kuna watu 22 walioonekana wanastahili kumtangulia. Kwa mtu anayeutazama mchezo huu kwa mara ya kwanza, hapo lazima aone kuna waliokosea. Mimi nimekaa miaka nikiandika kikosi changu mwenyewe kwenye daftari kila msimu unapokwisha, na naamini hakuna aliyekosea. Ila kulieleza jambo hilo kunataka subira, na kunaanzia uwanjani.

Mpira wa Kiaustralia unachezwa kwenye uwanja wa umbo la yai, na hakuna kipimo kimoja kwa viwanja vyote: urefu unaweza kuwa mita 135 hadi 185, upana mita 110 hadi 155. Kila timu ina watu 18 uwanjani. Mpira wenyewe nao una umbo la yai. Unapigwa kwa mguu, au unashikwa kwa mkono mmoja na kupigwa kwa ngumi ya mkono wa pili; kuurusha ni kosa. Ukikimbia nao, lazima uudundishe au uuguse chini kila baada ya mita 15. Kila mwisho wa uwanja kuna nguzo nne. Mpira uliopigwa kwa mguu ukipita kati ya zile mbili ndefu za katikati bila kuguswa na mtu ni goli, pointi 6. Ukipita pembeni, kati ya nguzo ndefu na fupi, ni pointi 1. Hakuna kipa, na hakuna kuotea: mchezaji yeyote anaweza kusimama popote, mbele au nyuma ya mpira.

Halafu kuna kudaka. Mtu akiudaka mpira uliopigwa kwa mguu na kusafiri angalau mita 15 bila kuguswa njiani, wapinzani wanamwachia nafasi, anapiga kwa utulivu. Ndiyo maana utaona watu wakiruka na kupanda mabegani mwa wenzao kuufuata mpira hewani. Kudaka kuna thamani kubwa kuliko mgeni anavyodhani, na ndiko kutakakotusumbua huko mbele tutakapofika kwa mabeki.

Kwenye karatasi, wale 18 hupangwa kwa mistari sita ya watu watatu. Kuna mabeki watatu wa mwisho, mmoja katikati na wawili kwenye kona. Mbele yao kuna mabeki watatu wa kati. Kisha mstari wa katikati ya uwanja, wenye mawinga wawili na kiungo mmoja. Wanafuata washambuliaji watatu wa kati, na washambuliaji watatu wa mwisho walio karibu na goli. Mstari wa sita hauna mahali pake: ni watu watatu wanaoufuata mpira popote unapokwenda. Mmoja wao ni mrukaji, jitu refu linaloshindana na jitu jenzake kuupiga mpira unaporushwa juu kuanzisha mchezo. Wawili waliobaki ni viungo wanaouokota chini ya miguu ya warukaji hao.

Huko kwetu Tanzania tunasema mtu anacheza namba fulani. Hapa namba hizo zipo kwenye karatasi, lakini mchezo wenyewe umezivuruga. Timu inaruhusiwa kubadilisha wachezaji hadi mara 75 katika mechi moja, kwa hiyo watu wanaingia na kutoka kama daladala kituoni. Beki anapanda kufunga, mshambuliaji anarudi kukaba. Kwa miaka mingi watu waliona ile mistari sita ni desturi tu ya magazeti. Kisha mwaka 2019 ligi ikaweka sheria kwamba kila mchezo unapoanzishwa katikati, kila timu iwe na watu sita nyuma, sita mbele, na sita katikati, wanne wao wakiwa ndani ya mraba uliochorwa katikati ya uwanja na wawili kwenye winga. Hapo ile mistari ikapata tena nguvu ya sheria, hata kama ni kwa sekunde chache. Nalishika sana jambo hili ninapochagua. Anayesema "siku hizi namba hazipo" anasahau kwamba zaidi ya mara ishirini kwa mechi mwamuzi husimama na kuhakikisha kwamba zipo.

Turudi kwenye swali la mpwa wangu.

Brownlow inatolewa tangu mwaka 1924, na wanaopiga kura ni waamuzi. Kila mechi ya msimu wa kawaida, yaani kabla ya mtoano, ikiisha, waamuzi wa kati hukaa pamoja na kuwapa wachezaji watatu kura 3, 2 na 1. Wamefanya hivyo kwa miongo mingi bila karatasi ya takwimu mbele yao, kwa yale waliyoyaona kwa macho wakiwa wanakimbia. Na mwamuzi anakimbia wapi? Anakimbia ulipo mpira. Anayemwona mara kwa mara ni kiungo, mtu aliyemo kwenye kila msongamano. Beki wa mwisho kushinda medali hiyo ni Gavin Wanganeen, mwaka 1993. Mshambuliaji wa mwisho kabisa, yule anayesimama mbele ya goli, ameishinda mara moja tu katika historia yote: Tony Lockett, mwaka 1987, tena aligawana na John Platten. Lockett huyo ndiye aliyefunga magoli 1,360 katika maisha yake ya mpira, na hakuna aliyewahi kumfikia. Kama mtu wa aina hiyo alipata medali moja ya kugawana, basi tujue medali inapima kitu gani.

Tena kura za Brownlow ni za mechi mojamoja. Kiungo anayekuwa wa kwanza au wa pili katika mechi kumi, kisha akawa wa kawaida katika nyingine, anaweza kumpita mwenzake aliyekuwa mzuri mechi zote 23 lakini kila wiki akakuta mtu mmoja amemzidi kidogo. Na ukifungiwa kwa utovu wa nidhamu, medali imekupita. Mwaka 1997 Chris Grant wa Bulldogs alipata kura 27, moja zaidi ya Robert Harvey wa St Kilda, na medali akapewa Harvey kwa sababu Grant alikuwa amefungiwa mechi moja. Watu wa Footscray, mtaa wa Bulldogs hapa Melbourne, hawajasahau, nami simlaumu yeyote asiyesahau.

Makocha nao wana kura zao: baada ya kila mechi, kocha wa kila upande hutoa 5, 4, 3, 2 na 1, kwa hiyo mchezaji anaweza kupata 10 ikiwa makocha wote wawili wamemwona kuwa bora. Mimi naziheshimu kura hizi kuliko nyingine zote. Kocha anajua ni nani aliyeharibu mpango wake. Wachezaji pia huchagua mwenzao, kwa tuzo inayoitwa kwa jina la Leigh Matthews. Na kuna medali ya Coleman, isiyohitaji kura ya mtu: aliyefunga magoli mengi katika msimu wa kawaida anaichukua.

All-Australian ni tofauti na zote hizo. Jina lenyewe lilianza mwaka 1953, wakati kikosi kilipochaguliwa baada ya mashindano ya majimbo. Tangu 1991 kinachaguliwa na AFL kila mwaka. Jopo la wachaguzi, wengi wao wachezaji wa zamani, hutoa kwanza orodha ndefu, ambayo miaka ya karibuni imekuwa na watu 44, kisha linaipunguza hadi 22: wale 18 wa mistari sita, na wanne wa benchi. Anayeingia hupewa koti, na koti hilo mtu hulitunza maisha yake yote. Gary Ablett mdogo alilipata miaka minane mfululizo, kuanzia 2007 hadi 2014.

Kwa hiyo waamuzi walijibu swali moja: nani aling'ara mara nyingi zaidi? Wachaguzi walijibu lingine: kama ungepanga timu moja, nani angekaa wapi? Neale alikuwa na jibu zuri kwa swali la kwanza. Kwa swali la pili alikuta foleni.

Na foleni hiyo ndiyo kiini cha kazi nzima. Hesabu nafasi. Katika wale 18 kuna kiungo mmoja wa mstari wa katikati na viungo wawili wanaoufuata mpira. Ni watatu tu. Ligi ina klabu 18, na kila klabu ina viungo wawili watatu ambao mashabiki wake wanaamini hawana mfano. Mwaka 2023 nafasi hizo zilikuwa zikigombewa na Bontempelli, Daicos, Zak Butters wa Port Adelaide, Christian Petracca wa Melbourne, Neale mwenyewe, na wengine wengi. Ukiangalia takwimu peke yake, utaishia na viungo kumi na watano wa kuvaa koti.

Kwa miaka mingi wachaguzi wamejaribiwa na njia ya mkato. Wanamchukua kiungo wa sita kwa ubora, wanamwandika kwenye winga au pembeni ya safu ya mbele, kisha wanasema amepata nafasi. Mara nyingine ni haki. Petracca, kwa mfano, kweli alikuwa akienda mbele na kufunga. Lakini mara nyingi ni kumchezesha mtu nje ya namba yake kwenye karatasi, na anayeumia ni yule winga halisi aliyekimbia upande mmoja wa uwanja msimu mzima, kilomita baada ya kilomita, akifungua njia ambazo wengine walizitumia. Winga hagusi mpira mara 35. Kazi yake ni kuwa pale mpira utakapofika, na mara nyingi haufiki. Ndiyo maana nilifurahi sana mwaka 2023 Josh Daicos na Errol Gulden wa Sydney walipoingia: wote wawili ni mawinga wa kweli. Josh ni kaka yake Nick, na Nick naye alikuwamo. Watoto wa baba mmoja kwenye kikosi kimoja.

Hapa niseme neno juu ya takwimu, kwa sababu ndizo zinazowapotosha mashabiki wengi kuliko hata mapenzi ya timu. Mchezo huu unahesabiwa kuliko michezo mingi. Kila mguso, kila kudaka, kila mpira uliotolewa kwenye msongamano, kila mita iliyosogezwa mbele kuna mtu anaiandika. Mguso, kwa maana ya mpira uliouachia kwa mguu au kwa ngumi, ndio unaotajwa kwanza. Machi 2018 Tom Mitchell wa Hawthorn aliachia mpira mara 54 katika mechi moja dhidi ya Collingwood, rekodi ya ligi. Mwisho wa msimu ule akapata Brownlow. Lakini mguso mmoja ni mguso mmoja, uwe pasi ya mita 50 iliyomkuta mwenzako kifuani mbele ya goli, au ngumi ya mita mbili nyuma kumpa beki aliyekwisha kuzungukwa. Kwenye jedwali yote miwili inaandikwa 1.

Na kuna kazi ambayo kwenye jedwali huonekana kwenye mstari wa mtu mwingine. Agosti 2023, Collingwood walipocheza na Hawthorn, Finn Maginness wa Hawthorn alipewa kazi moja tu: usimwache Nick Daicos. Daicos, aliyekuwa amezoea kuugusa mpira mara 30 na zaidi, aligusa mara 5. Ukitaka kuijua kazi ya Maginness siku ile, usitafute jina lake. Tafuta ile 5 ya Daicos. Collingwood, waliokuwa wakiongoza ligi, walifungwa.

Ni katika mechi hiyohiyo Daicos aliumia goti, akakosa raundi zote tatu zilizobaki za msimu wa kawaida. Hilo likazua swali lingine linalomsumbua kila mchaguzi: mtu acheze mechi ngapi ndipo astahili? Mimi nina kanuni yangu ya theluthi mbili. Mechi ni 23; aliyecheza 16 na kuendelea namtazama kwa yale aliyoyafanya, sio kwa aliyoyakosa. Daicos alicheza 20. Hakukuwa na mjadala kwenye daftari langu, na wachaguzi nao walimpa koti.

Ratiba nayo si sawa kwa wote. Ukiwa na wapinzani 17 na mechi 23, wapo sita utakaokutana nao mara mbili. Mshambuliaji aliyepangiwa kukutana mara mbili na timu dhaifu ana magoli kadhaa ya bure. Sina fomula ya kusahihisha hilo. Ninachofanya ni kutazama mechi zake dhidi ya timu zilizoingia hatua ya mtoano.

Sasa mabeki, ambako huwa nakaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine zote.

Mwaka 2021 kulikuwa na jina kwenye kikosi cha All-Australian ambalo kila msomaji wa Kiswahili anapaswa kulijua: Aliir Aliir. Alizaliwa mwaka 1994 Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi huko Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya, wazazi wake wakiwa wametoka Sudan Kusini. Alifika Australia akiwa mtoto. Alianza na Sydney Swans, akacheza mechi yake ya kwanza ya ligi mwaka 2016, kisha akahamia Port Adelaide, na katika msimu wake wa kwanza huko akavaa lile koti. Nilikuwa na sababu za moyo za kumshangilia, sikatai. Lakini nilirudia kuzitazama mechi zake kwa sababu nyingine kabisa: zilinifundisha kumtazama beki.

Beki wa mpira huu yuko wa aina mbili. Yupo mkabaji, anayepewa mshambuliaji hatari wa upande wa pili na kuambiwa amfuate hadi mlangoni kwake. Huyu akifanya kazi vizuri, huoni kitu: mpira unakuja, mikono inanyanyuka, ngumi yake inaupangua, unaanguka chini, wengine wanauokota. Na yupo mnasaji, anayemwacha mtu wake kwa hatua tatu nne kwa sababu ameshausoma mpira ungali mguuni mwa mpigaji. Anafika unapotua kabla ya mwenyewe aliyekusudiwa, anaudaka, na shambulio la wapinzani linageuka kuwa shambulio la kwenu. Aliir ni mnasaji. Ukitazama televisheni humwoni akianza kutembea, kwa sababu kamera inafuata mpira. Uwanjani ndiko unakomwona. Mpira bado uko mita 60 mbali, na yule mrefu ameshaanza kusogea, taratibu, kama mtu aliyesikia anaitwa.

Ugumu wa kuchagua ni huu: mnasaji ana takwimu nzuri, kwa sababu kudaka kwake kunahesabiwa. Mkabaji hana. Takwimu bora ya mkabaji ni magoli ambayo mwenzake hakufunga. Kwa hiyo kikosi kikichaguliwa kwa jedwali, mistari miwili ya nyuma itajaa wanasaji na wakimbiaji, mabeki wanaotoka na mpira na kupiga pasi ndefu, na hakutakuwa na hata mmoja wa kumkaba jitu la mita mbili mbele ya goli. Timu ya namna hiyo ingefungwa vibaya. Mimi huandika kwanza wakabaji wawili, kabla sijaandika jina lingine lolote kwenye karatasi. Mwaka 2023 walikuwa Harris Andrews wa Brisbane na Callum Wilkie wa St Kilda, na wote wawili waliingia pia kwenye kikosi rasmi. Wilkie alikuwa mhasibu kabla ya kuitwa ligi kuu. Si mrefu kwa kazi anayoifanya, wiki nyingi anakaba watu wanaomzidi kimo, na nisingekuwa nimemzingatia kama nisingekuwa na ile desturi ya kuwaandika wakabaji kwanza.

Kwa washambuliaji, msimu ule ulitoa mtihani mzuri. Charlie Curnow wa Carlton alifunga magoli 78 katika msimu wa kawaida na kuchukua medali ya Coleman. Taylor Walker wa Adelaide alifunga 76, akiwa na miaka 33. Nick Larkey wa North Melbourne alifunga 71. Zamani mia moja ilikuwa ndiyo alama ya mfungaji mkubwa, lakini wa mwisho kuifikia alikuwa Lance Franklin mwaka 2008, na tangu hapo ulinzi umebadilika mno. Kwa hiyo 70 na kitu ni kazi kubwa.

Wachaguzi waliwachukua wote watatu. Naelewa kwa nini, ila nina wasiwasi na timu yenye warefu watatu mbele, maana mpira ukianguka chini anatakiwa mtu mfupi mwenye kasi wa kuugombea na kuwabana mabeki wasitoke nao. Nikilazimika kumpa mmoja ile nafasi ya mbele kabisa, nampa Larkey. North Melbourne walishinda mechi 3 tu kati ya 23 msimu ule. Curnow alikuwa na timu iliyofika nusu fainali ya ligi, Walker alikuwa na timu iliyoshambulia vizuri sana. Larkey alisubiri mpira ambao mara nyingi haukuja, na ulipokuja ulikuja vibaya, na bado akafunga 71. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Curnow namweka katikati ya mstari wa pili wa mbele, ambako ana nafasi ya kukimbia. Walker anakaa benchi kwangu, nami najua Adelaide nzima ingenikatalia.

Yapo mengine mepesi zaidi. Mrukaji huwa mmoja, na mwaka 2023 alikuwa Tim English wa Bulldogs. Nilijihoji mara mbili kama ni mapenzi, nikaona hapana. Ila kuna miaka wawili wanalingana kiasi kwamba huwezi kumwacha mmoja nje: mwaka 2018, na tena 2019, Max Gawn na Brodie Grundy waliingia wote, mmoja akaanza na mwingine akakaa benchi. Nahodha wa kikosi si lazima awe nahodha wa klabu yake. Mwaka 2018 alikuwa Franklin, ambaye Sydney hakuwa nahodha. Ni heshima tu, na sijui mtu aliyewahi kupoteza usingizi kwa ajili yake.

Jambo moja linalowachanganya wengi ni fainali. Kikosi kinatangazwa kabla ya mtoano kuanza, kwa hiyo Septemba haihesabiwi. Jumamosi ya tarehe 30 Septemba 2023, mbele ya watu zaidi ya laki moja kwenye MCG, uwanja mkubwa wa hapa Melbourne, Collingwood waliwafunga Brisbane 90 kwa 86. Bobby Hill wa Collingwood alifunga magoli manne na akapewa medali ya Norm Smith, ya mchezaji bora wa fainali. Hakuwa hata karibu na kikosi cha msimu, na hakustahili kuwa karibu. Msimu wake ulikuwa wa kawaida, siku yake moja ikawa ya ajabu. Mashabiki wanaochagua kikosi mwezi Oktoba, joto la fainali likiwa bado kichwani, humwandika mtu kama Hill bila kujua wamebadilisha swali. Ndiyo sababu mimi hulifunga daftari jioni ya mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida.

Wanawake wanacheza na watu 16 uwanjani, kwa hiyo kikosi chao bora kina 21. Ligi yao ilianza mwaka 2017, na kwa kuwa wachezaji ni wachache uwanjani, nafasi ya kukimbia ni kubwa zaidi na winga wa kweli anaonekana vizuri. Kukichagua kikosi chao kunahitaji daftari lake, na ninalo.

Basi usiku ule, baada ya Neale kushuka jukwaani, mpwa wangu aliniomba nimwonyeshe ukurasa wa mwaka ule. Viungo watatu walikuwa Bontempelli, Butters na Daicos. Petracca pembeni ya safu ya mbele. Benchi lilikuwa na Walker, kiungo mmoja na beki mmoja, na nafasi ya nne, ya 22, ilikuwa na jina lililokatwa kwa kalamu na lingine juu yake. Lililokatwa lilikuwa Neale. Lililoandikwa juu lilikuwa Jack Sinclair wa St Kilda, beki anayetoka nyuma na mpira, kwa sababu nilipoiona timu yangu nzima nilikuta hakuna mtu mwingine wa kuutoa mpira kwetu wakabaji wakishaupangua.

"Lakini Mjomba, huyu ndiye bora wa nchi nzima."

"Ndiyo. Sasa niambie mpira ukianguka mbele ya Wilkie, nani anautoa?"

Alifikiri muda mrefu. Kisha akachukua kalamu, akageuza ukurasa mpya, akaandika namba kuanzia 1 hadi 22 upande wa kushoto, na mbele ya namba 1 akaandika jina la beki.